Mshenga wa Seva Mbili

Nimefanya kazi nyingi maishani, nyingine za kuinama, nyingine za kupanda juu ya paa na waya mdomoni, lakini ni moja tu niliyoifanya nikiwa nimekalishwa nyuma ya pazia kama mwari. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha harusi za watu. Si maharusi wenyewe, video zao: zitoke kwenye mashine nzee ziingie kwenye mashine mpya, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, nikae kwenye kigoda nikitazama maua ya kitambaa na kupiga kelele, "Bofya hapo! Si hapo, hapo kwingine!" Mpaka leo nikikumbuka hucheka peke yangu njiani, watu wakanipisha.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Tanga. Mimi ni mtu wa kurudi, maana ni mtu wa kuondoka. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Pangani kumsalimia shangazi, nikapitiliza Ushongo, nikajikuta nafunga intaneti kwenye vibanda vya wageni, mchanga umejaa kwenye kila tundu la kompyuta. Kutoka hapo nikavuka Pemba, nikatengeneza simu Chake Chake. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua. Zilizokataa kufungika zikanifundisha zaidi. Kila nilikokaa niliikumbuka Tanga, baiskeli zake na barabara zake zilizonyooka, na kila nilipofika Tanga nilianza kukumbuka nilikotoka. Naweza kuwa nimekaa Ngamiani na kikombe cha chai mkononi, ghafla ikanijia harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara ya Wete, basi chai haina ladha tena. Safari hii niliapa nitatulia. Nikapata kazi kwenye studio ya picha na video kule Raskazone, ndani ya nyumba ya kizamani yenye kuta nene na madirisha marefu, ambako upepo wa chumvi huingia bila hodi na kula kila chenye msumari.

Mwenye studio alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo ikitoka hata wanaume wenye ndevu husimama wima. Wote tulimwita Bi Mkubwa. Studio yake ilikuwa na sifa moja iliyovuma kuanzia mjini mpaka Tongoni: shughuli ya kike ikirekodiwa kwake, hakuna jicho la mwanamume litakaloiona. Anayeishi pwani anaelewa uzito wa jambo hili. Mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa, nywele ziko nje, kanga zimekazwa viunoni, na wake za watu wanacheza wanavyojua wenyewe. Arekodiye ni mwanamke. Ahaririye ni mwanamke. Video ikiwa tayari inakabidhiwa mkononi kwa mwanamke. Kwa amana hiyo Bi Mkubwa alipata wateja ambao studio nyingine hata salamu hawazipi.

Kurekodi na kuhariri kulikuwa kwa dada mmoja wa Kidigo, mwembamba, mwepesi, mwenye ulimi ambao ungeweza kukata kamba ya katani. Aliniita Kaka Mpita Njia tangu siku ya kwanza.

"Umekuja kukaa au umekuja kuaga?" aliniuliza nilipoingia.

"Nimekuja kukaa."

"Haya. Begi lako bado liko mgongoni lakini."

Kazi zote za studio zilihifadhiwa kwenye seva, yaani sanduku jeusi lenye diski ndani ambalo kompyuta nyingine zote hulitumia kama ghala lao. Lilikaa chumba cha nyuma, likikoroma kama mtu aliyelala chali baada ya pilau. Nusu ya ghala lile ilikuwa wazi kwa kila mfanyakazi: picha za shule, mahafali, maulidi, wanaume wakimpeleka bwana harusi. Nusu ya pili ilikuwa ya akina mama, na huko huingii bila neno la siri, na neno la siri walilijua wanawake wawili tu.

Sasa lile sanduku lilikuwa limechoka. Programu iliyoliendesha ilikuwa toleo la zamani ambalo hata waliolitengeneza walishaacha kulijali. Kompyuta pekee iliyokuwa ikielewana nalo vizuri, ile ya dada wa Kidigo, ilikuwa imekufa majuma machache kabla sijaajiriwa. Bi Mkubwa akaagiza seva mpya kutoka Dar. Ilikuja nyeupe, nyembamba, kimya, na toleo jipya kabisa la programu. Nikaiunganisha kwa waya, nikaweka kompyuta mpya, nikasugua viganja, nikaiambia seva mpya: haya, zungumza na mwenzio.

Haikuzungumza. Ilisema namna ya mazungumzo ya yule mzee si salama, hivyo haitaki. Na mzee kwa upande wake namna mpya hajapata kuisikia. Ni kama umkalishe bibi wa Tongoni asiyejua kutuma ujumbe mbele ya mjukuu asiyepokea salamu ila kwa simu. Wote wazima, wote wana maneno, na chumba kimya.

Ningeweza kuwaacha waangaliane mpaka nipate akili. Nilitaka hivyo, kwa kweli, mimi si mtu wa haraka. Lakini Jumatano asubuhi akaingia mgeni.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kashuka kwenye boti ya Pemba, mkononi ana kikapu cha ukili na kopo la halua. Akasalimia, akaketi, akampa Bi Mkubwa halua, akaulizwa hali za huko, akajibu zote, na ndipo akasema lililomleta.

"Dada, mimi niliolewa hapa Tanga, kwa mama mdogo. Mulinirekodi nyinyi. Mulinipa CD yangu, watoto wakaifanya sahani ya kuchezea. Ya pili iliota ukungu."

"Pole. Unataka nyingine?"

"Namtaka mama," akasema.

Bi Mkubwa akakaa vizuri.

Mgeni akatueleza. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Alikuwa mtu wa shamba la karafuu, mkali, asiye na mchezo, na picha hakuwa akipenda. Ukiacha kitambulisho, ambacho ndani yake amekunja uso kama anayemgombeza mpiga picha, hakuna sura yake popote. Ila siku ile ya harusi, ndani na wanawake wenziwe, alivua buibui, akachukua pembe ya vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake, akaipiga na kuimba na kucheza mpaka watu wakamtunza. Binti hakupata kumwona vile kabla wala baada. Sasa ana mabinti zake, wanakua, na wao bibi yao wanamjua kwa ule uso wa kitambulisho tu.

"Nimewaambia bibi yenu alikuwa akicheza. Hawaniamini," akasema, akacheka, na machozi yakamjaa hapo hapo. "Boti ya kurudi Ijumaa asubuhi."

Bi Mkubwa akanigeukia. Ile sauti ndogo ikatoka. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mtoe huyo mama humo ndani."

Ilikuwa kama ameniwasha. Sijui kama kuna raha inayoshinda kupewa kazi ngumu na mtu anayeamini unaiweza. Kutulia kote nilikoapa kukageuka mbio.

Tukaanza kubishana, mimi na Bi Mkubwa, tumesimama chumba cha nyuma juu ya ule mkoromo.

"Si uzitoe hizo diski uzipachike huku kwenye mpya?"

"Zikiingia huku, toleo jipya litazipanga upya kwa utaratibu wake. Zikishapangwa, ya zamani haizisomi tena. Jambo likiharibika katikati, tumekosa huku na kule."

"Basi usiguse. Hii nzee huwezi kuipandisha toleo?"

"Naweza. Lakini lazima niizime niiwashe."

Akaitupia jicho ile nyeusi. Nilikuwa nimesimuliwa: umeme ulipokatika mara ya mwisho, seva ile iligoma kuwaka asubuhi nzima, mpaka Bi Mkubwa akaisomea. Haikujulikana kilichoiamsha ni kisomo au ni kofi alilolipiga dada wa Kidigo, na kila mmoja alidai ni chake.

"Isizimwe," akasema.

Hapo ndipo nilipoikumbuka laptopu yangu. Ilikuwa chini ya begi, kioo kimepasuka kona moja, herufi mbili za kibodi zimeng'oka. Tangu Pemba kila siku iliniomba niipandishe toleo, na kila siku niliiambia kesho. Kwa uvivu huo ilibaki katikati: si ya zamani kabisa, si mpya. Nikaichomeka waya upande wa nyeusi, ikaitikiwa. Nikaichomeka upande wa nyeupe, ikaitikiwa. Niliruka pale nikagonga kichwa kwenye rafu.

"Ana nini huyu?" akauliza Bi Mkubwa.

"Kapata mshenga," akasema dada wa Kidigo, akiinamia kuangalia. "Anakwenda kwa wazee anaongea kizee, anakuja kwa vijana anaongea kijana. Na sura mbaya, kama washenga wote."

Jina likashika. Mgeni aliyekuwa mapokezi akaja kumtazama mshenga, akamwekea kipande cha halua pembeni. Nikakila mimi kwa niaba yake.

Mashaka yakaanza nilipofungua ghala la akina mama kupitia laptopu. Bi Mkubwa alikuwa ameandika neno la siri mwenyewe, mimi nimegeuka ukutani. Nikageuka tena nianze kazi. Majina ya folda yakajitokeza, na yalikuwa yamepangwa kwa miezi ya kwetu, inayohesabiwa tangu Ramadhani iishe, Mfungo Tano, Mfungo Sita, Mfungo Saba, kama Bi Mkubwa alivyopenda. Mgeni alikuwa na uhakika aliolewa Mfungo Saba, mwaka ndio ulimponyoka, na laptopu yangu haikuwa na nguvu ya kucheza video, kwa hiyo ilibidi kuzihamisha za miaka yote ndipo zitazamwe. Nikabofya. Na laptopu, kwa bidii zake, ikaanza kuchora kila video kipicha chake kidogo ili nijue ndani kuna nini. Nikaona kona ya kanga nyekundu. Sikuona zaidi, kwa sababu Bi Mkubwa alikifunga kifuniko juu ya vidole vyangu.

"Umeona nini?"

"Kanga!"

"Na nani ndani ya kanga?"

"Vidole vyangu, Bi Mkubwa!"

Ndivyo pazia lilivyokuja. Waliliteremsha kutoka dirisha la studio, pazia lile lenye maua makubwa ya njano ambalo huwa nyuma ya picha za familia, wakalitundika kwenye kamba katikati ya chumba cha nyuma. Upande mmoja laptopu na dada wa Kidigo na Bi Mkubwa, na mgeni akaletewa kiti awe shahidi. Upande wa pili mimi na seva zote mbili. Wao wana macho, mimi nina maarifa, na kati yetu maua.

Sikuwahi kufurahi kazini namna ile. Ilikuwa kama kumwongoza mtu jikoni kwa simu.

"Shika folda yote, usishike video mojamoja."

"Nimeshika."

"Peleka upande wa kulia, kwenye seva mpya. Kuna folda nimeitengeneza tayari, ina kufuli."

"Naiona. Nimeidondosha. Lo, imeanza kujaa! Kuna mstari wa kijani unatambaa."

"Unatambaa vipi?"

"Kama mtu aliyetumwa na hataki kwenda."

Wanawake wakacheka. Mimi nikacheka upande wangu. Halafu dada wa Kidigo akasema, "Umesimama. Unauliza."

"Unauliza nini?"

"Unasema, mafaili haya yana ruhusa zake za zamani. Tuzichukue hizo, au tutumie ruhusa mpya za hapa?"

Kwa kawaida ningetazama skrini, nikakuna kichwa, nikafungua ukurasa wa pili, nikasoma tena. Lakini skrini ilikuwa haramu kwangu. Nikawaza haraka: wapi harusi hizi zimelindwa vizuri miaka yote? Si kule kwa mzee? Hajapata kuvujisha hata ukosi wa mtu.

"Za zamani!" nikapiga kelele kwa kujiamini. "Chukua za zamani zote!"

Akabofya. Mstari ukatambaa tena.

Niliomba nitazame kufuli mara moja. Bi Mkubwa akanihoji kama hakimu.

"Utazame nini?"

"Kufuli tu, kama limekaa."

"Kufuli liko wapi?"

"Juu ya mafaili."

"Na mafaili yana nini?"

Nikarudi kwenye kigoda changu. Dada wa Kidigo akasema yeye atajaribu. Akaenda kwenye kompyuta yake mpya, akaingia seva nyeupe kama mtu wa kawaida, ikamwomba neno la siri kabla ya kumwonyesha hata faili moja. Akarudi akasema kufuli limekaa. Tukapeana mikono kwa kupitia chini ya pazia, mimi nikishika vidole bila kujua ni vya nani.

Baadaye ndipo nilipoelewa tulichokifanya, na nitakieleza sasa ili msomaji asihangaike kama sisi. Toleo la zamani lilikuwa kama nyumba zetu za zamani: kufuli moja kubwa mlango wa mbele, ndani vyumba vyote vina mapazia tu. Ukishaingia, umeingia. Toleo jipya kila chumba kina kufuli lake. Niliposema tuchukue ruhusa za zamani, tulihama na vile vyumba vyake visivyo na kufuli. Mlango wa mbele uliendelea kuuliza neno la siri, ndiyo maana dada aliridhika. Lakini kama kuna mtu alikuwa ameshalala ndani ya nyumba, huyo angetembea chumba kwa chumba hana habari.

Na mtu huyo alikuwepo. Alikuwa televisheni ya mapokezi.

Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyetaka televisheni ile iwe inaonyesha kazi za studio, wateja wanaosubiri wavutiwe: keki, magauni, wanaume na kanzu zao wakishuka kwenye magari. Mara tu seva mpya ilipofika nilikuwa nimeipa kazi hiyo, nikaiambia kwa ulaini kabisa: video yoyote mpya ikiingia humu ndani, folda yake ikikamilika, itafute, iweke kwenye televisheni. Bi Mkubwa alinisifu siku ile. Alisema hatimaye studio imekuwa ya kisasa.

Alhamisi alasiri mstari wa kijani ulikuwa umefika mbali. Mafolda ya Mfungo Saba, ya miaka yote, yalikuwa yakivuka. Tulikuwa tumezoea sasa, wanawake upande wao wanakunywa chai na kashata, mimi upande wangu napokea kashata kwa chini. Mapokezi kulikuwa na mzee mmoja wa kanzu na kofia, anasubiri picha za paspoti kwa ajili ya umra, na dereva wa bajaji aliyemleta, ambaye alisema atasubiri ndani kwa sababu ya feni.

Nikasikia vugo. Pembe inapigwa, kavu, tak tak tak, na sauti ya mwanamke imepanda juu yake.

"Punguzeni sauti huko," nikasema. "Wateja watasikia."

"Sauti gani?" akajibu dada wa Kidigo. "Mshenga hana spika. Huku kimya."

Tukatega masikio, pande zote za pazia.

"Inatoka mbele," akasema Bi Mkubwa, na nikasikia kikombe kimeanguka.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile. Bi Mkubwa alipita na pazia, kamba ikakatika, maua ya njano yakanifunika mimi na seva nyeupe. Nikajikwamua, nikakimbia nyuma yao, na mlangoni nikakumbuka amri, nikafumba macho, nikagonga fremu ya mlango kwa paji la uso. Kwa hiyo yaliyotokea nayasimulia kwa masikio.

"Macho! Macho chini kila mtu!"

"Mimi sijaona kitu, Bi Mkubwa!" Huyo ni dereva wa bajaji. "Nimeona keki tu!"

"Keki iko wapi humo?"

"Nilidhani inakuja!"

"Mzee, shikamoo, naomba ufumbe macho!"

"Marahaba, nimejifunika kofia tangu zamani, mwanangu, ila kofia ina vitundu."

Rimoti, nilisimuliwa baadaye, haikuonekana. Bi Mkubwa akavua mtandio wake wa juu, akaurusha juu ya televisheni, ukakaa. Picha ikafunikwa. Sauti haikufunikwa. Iliendelea, kali, imechangamka, mwanamke anaimba na wenziwe wanamwitikia, na pembe haichoki.

"Chomoeni waya wa umeme!" nikapiga kelele, bado nimefumba. "Waya mweusi nyuma! Chomoa!"

"Msichomoe!"

Alikuwa mgeni. Sikuwa nimemsikia akipandisha sauti hata mara moja toka aje.

"Msichomoe, jamani. Huyo mama yangu."

Nadhani hata feni ilisimama. Tukabaki tunasikiliza. Sauti ile iliimba ubeti, ikakosea mahali, ikacheka katikati ya wimbo, kicheko kifupi kama cha mtu aliyeshtukiwa akiiba sukari, kisha ikaendelea palepale.

"Ndiye," akasema binti yake. "Hajapata kucheka vile nyumbani. Ndiye huyo."

Bi Mkubwa hakupoteza muda. Ilikuwa kazi yake, na alijua inavyofanywa. "Wanaume nje."

"Picha zangu," akaanza mzee.

"Nje, mzee wangu, utapigwa nyingine nzuri zaidi."

Nikasikia kanzu na viatu vinapita. Mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango kama kipofu. Nilihisi amesimama mbele yangu.

"Na wewe."

"Mimi fundi, Bi Mkubwa. Nikatengeneze kufuli."

"Fundi una macho?"

"Ninayo."

"Basi toka nayo."

Nikatolewa kwa kushikwa bega na dada wa Kidigo, ambaye alinielekeza ngazi kwa ngazi: "Mguu. Mwingine. Mwingine. Sasa fumbua, Kaka Mpita Njia, uone bahari." Mlango ukafungwa nyuma yangu, kitasa kikazungushwa, na madirisha marefu ya mbele yakavutwa moja baada ya jingine.

Tulikaa barazani wanaume watatu, mwanga wa alasiri umetupiga usoni. Ndani walikuwa wameuondoa mtandio kwenye televisheni. Nilijua kwa kigelegele. Kilianza kimoja, cha Bi Mkubwa, sikujua ana pumzi ya vile. Kikafuata cha dada wa Kidigo. Kisha kitu kikaanza kugonga sakafu kwa mapigo ya vugo, nadhani viatu, na mgeni akaanza kumwitikia mama yake, kwanza kwa kwikwi, baadaye kwa sauti kamili.

"Nani anaolewa?" akauliza dereva wa bajaji.

"Hakuna," nikasema. "Mtu amekuja kumchukua mama yake."

Akatafakari. "Amemwona?"

"Anamwona sasa hivi."

"Alhamdulillahi," akasema mzee, akapangusa uso na kofia yenye vitundu.

Nilikuwa nimejaa hofu na furaha kwa pamoja, mpaka miguu ilicheza yenyewe. Kule nyuma mafolda yalikuwa bado yanavuka, makufuli bado yako wazi, na mimi siruhusiwi kutazama wala kuingia. Nikaenda kwenye ufa wa mlango.

"Bi Mkubwa! Ule mstari wa kijani umefika wapi?"

"Nyamaza! Anapokea tuzo!"

"Na video yake inaweza kuwekwa kwenye flashi sasa hivi, kabla sijagusa chochote! Dada anajua! Weka mbili!"

"Tumeshaweka tatu," akajibu dada wa Kidigo kutoka ndani, akihema kama aliyekuwa anacheza. "Unadhani tunakusubiri wewe?"

Muda kidogo mlango ukafunguliwa upana wa uso. Alikuwa mgeni. Ushungi umekaa upande, mashavu yamelowa, anacheka kicheko kifupi kilekile nilichokisikia kwenye televisheni, na hakujua kama anakicheka. Flashi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Kaka," akasema, "ile mashine mpya. Hii flashi ikipotea, nikija tena nitamkuta?"

Nilitaka kumweleza habari za matoleo, na ruhusa, na kwamba kila mashine mpya siku moja inakuwa nzee na kuhitaji mshenga wake. Nikamtazama nikaona si hilo analouliza.

"Utamkuta," nikasema. "Nitakuwepo, nitamhamisha mwenyewe kila itakapobidi."

Nilishangaa kusikia nimesema nitakuwepo. Yeye hakushangaa, hakunijua kiasi hicho. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango, na ndani pembe ya vugo ikaanza tena tangu mwanzo.

"Wanarudia?" akauliza mzee.

"Wanarudia."

"Na picha yangu?"

"Mama akimaliza kucheza, mzee."

Akasogea kivulini, akanyoosha miguu, akaanza kupiga paja lake taratibu kwa kiganja, akifuatisha.